Kanga Hunena, Mvaaji Hukana

Nilijifunza kusoma herufi za Kirumi nikiwa na umri wa miaka saba, na kazi ya kwanza niliyopewa kwa elimu hiyo ilikuwa kusoma kanga. Bibi yangu mzaa mama alinishika mkono tukatoka nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, hadi duka la nguo, akaniketisha juu ya robota na kumwomba mwenye duka ashushe doti moja moja. Mwenye duka alikunjua, mimi nikasoma. Bibi alisikiliza huku macho yake yakitazama barabarani, kana kwamba habari ile haimhusu. Nikisoma jina lisilompendeza alisema, "Rangi yake imefifia." Nikisoma linalompendeza aliuliza bei.

Doti ninayoikumbuka kuliko zote aliinunua mwezi Machi mwaka 1973. Ilikuwa nyekundu, yenye pindo la korosho nyeusi, rangi ambayo sikuwahi kumwona akiivaa. Jina lake lilikuwa HASIDI HANA SABABU. Alinitaka nilisome mara mbili, kisha akalipa bila hata kuomba apunguziwe, jambo ambalo mwenye duka naye alilistaajabia.

Sikujua wakati ule, lakini kanga hiyo ilikuwa jibu. Bibi aliuza vitumbua asubuhi mlangoni pake, na jirani yetu wa upande wa bomba, shoga yake wa miaka mingi, alikuwa amesema kwenye shughuli moja ya harusi, tena kwa sauti ya upole kabisa, kwamba vitumbua vya bibi vinapendeza mno kwa macho. Hakusema neno jingine. Hakusema havina utamu, wala kwamba vimejaa hewa. Alisema vinapendeza kwa macho, na waliokuwapo wakainamisha nyuso zao kwenye masinia.

Basi asubuhi ya pili bibi alijifunga kanga yake mpya akaenda bombani saa aliyojua shoga yake atakuwapo. Nami nilikuwa nyuma yake na kindoo changu. Jirani akaitazama ile kanga, akaitazama sana, kisha akasema, "Imekukaa, shoga. Imenena nini?"

"Nitajuaje, shoga yangu?" bibi akajibu. "Mimi na herufi hizi wapi na wapi? Rangi yenyewe huioni ilivyo nzuri?"

Hapo ndipo msomi wa nyumba alipoona hakutendewa haki. "Bibi," nikasema, "si mimi niliyekusomea dukani? Si ulinitaka nirudie mara mbili?"

Jirani alichukua ndoo yake ikiwa nusu akaondoka. Kwa muda wa miezi saba baada ya siku ile hakuna aliyevuka ua kuomba chumvi, wala kaa la moto, wala chekeche. Bibi hakunipiga. Aliniambia tu tulipofika nyumbani, "Mjukuu wangu, elimu imekuingia." Nililichukua neno hilo kuwa sifa, nikampelekea mama kwa furaha. Mama alicheka hadi akafuta macho kwa upindo wa kanga yake.

Wapenzi wa lugha, nimeeleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na kila mwaka nimelazimika kufundisha kinaya kwa namna ambayo haiwezi kukieleza kisa hiki. Vitabu vyetu vya kiada husema kwamba kinaya ni kusema kinyume cha unachokusudia. Mtu akivunja glasi, akaambiwa "Ahsante sana," hicho ni kinaya. Kisha hufuata orodha ya aina zake, nao wanafunzi hukariri aina hizo bila kutabasamu hata mara moja. Maelezo hayo si uongo. Lakini jaribu kuyapima kwa bibi yangu. Alisema kinyume gani? Hasidi hana sababu: ndivyo alivyokusudia, neno kwa neno. Na jirani je? Vitumbua vya bibi vilikuwa vinapendeza kwa macho kweli. Mimi mwenyewe ni shahidi. Katika ugomvi ule mzima hapakuwa na sentensi moja iliyosema kinyume cha ukweli, ila kila aliyekuwapo alijua kwamba kinaya kilikuwa kinapigwa kama ngoma.

Neno lenyewe ndilo lililonipa mwanga. Kinaya tumelipokea kutoka Kiarabu, na katika elimu ya balagha ya Waarabu halina maana ya kusema kinyume. Kwa kejeli ya kusema kinyume wao wana istilahi nyingine, tahakkum. Kinaya kwao ni kutaja jambo na kukusudia jambo jingine linaloambatana nalo. Mfano ambao wanafunzi wa balagha wamekaririshwa tangu enzi za Abdul-Qahir al-Jurjani, mwanachuoni wa karne ya 11, ni wa mtu anayesifiwa kwamba ana majivu mengi. Majivu mengi ni dalili ya kuni nyingi, kuni nyingi ni dalili ya vyungu vingi, na vyungu vingi ni dalili ya wageni wengi. Kwa hiyo mtu huyo ni karimu. Mfano wa pili ni wa mtu mwenye mkanda mrefu wa upanga, yaani mrefu wa kimo.

Kuna kanuni moja katika elimu hiyo ambayo naiona kuwa ndiyo ufunguo. Katika istiara, maneno yenyewe hukataza maana ya juu. Ukisema umemwona simba akihutubia mkutano, kule kuhutubia kunamwondoa simba wa porini. Katika kinaya hakuna kinachokataza. Yule karimu huenda kweli ana jaa la majivu nyuma ya nyumba, na mtu akitaka kuishia kwenye majivu hana kosa. Maana ya juu inabaki hai, imesimama, inaweza kukaliwa. Ukitaka unaingia ndani, usipotaka unabaki barazani.

Nilipoisoma kanuni hiyo, nikiwa mtu mzima mwenye mvi, nilimkumbuka bibi bombani na maswali yake matatu. Nitajuaje? Wapi na wapi? Huioni ilivyo nzuri? Hakusema uongo hata mmoja! Wanafunzi wa fasihi wataitambua tashtiti hapo. Alimwachia shoga yake baraza la kukaa: ukitaka, hii ni kanga nyekundu tu, nasi tutaendelea kuteka maji. Mimi ndiye niliyelibomoa baraza. Kwa hiyo nasema kwamba waliolichagua neno hili kwa ajili ya fasihi yetu walichagua vema kuliko vitabu vya kiada vinavyokubali. Kinaya cha Pwani hakisemi kinyume. Husema kweli mbili kwa mara moja, kisha humwachia msikilizaji achague atakayoishi nayo.

Sikiliza hata salamu zetu. Unamuuliza mtu habari za nyumbani, anakujibu "Nzuri," kwa kuwa adabu haina jibu jingine. Kisha anaongeza, "Isipokuwa mzee hajambo kidogo." Ukiyachukua maneno kama yalivyo, mzee yu mzima, ingawa si sana. Aliyelelewa na lugha hii huuliza papo hapo amelazwa wapi.

Mambo haya si ya jana. Kisa cha Fumo Liyongo, alichokitungia utendi Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale zaidi, kimesimama juu ya kinaya kama nyumba juu ya nguzo. Liyongo yumo gerezani akingoja kuuawa. Mama yake humletea chakula kizuri kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi hukila wao. Ndipo mfungwa anapomtuma kijakazi kwa wimbo: mama aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Walinzi wauona ule mkate wa makapi, waudharau, wampa mfungwa kwa kumkebehi, kwamba hicho ndicho kinachomfaa. Kebehi yao ndiyo iliyomfikishia tupa. Kisha anaomba achezewe gungu kabla ya kufa, na mshindo wa ngoma na pembe unafunika sauti ya chuma kikikatwa. Kila nikiwafundisha vijana kisa hiki huwauliza ni nani aliyemfungua Liyongo. Wengi hujibu, mama yake. Wachache hujibu, dharau ya walinzi, na hao ndio ninaotarajia watatunga mashairi.

Kuhusu Muyaka bin Haji wa Mombasa nitasema machache, maana wasomaji wa hapa wanamjua. Aliishi katika miaka ambayo Mombasa ya Wamazrui ilikuwa ikivutana na Seyyid Said, mvutano uliokwisha mwaka 1837 kwa Wamazrui kushindwa. Tungo zake huzungumzia bahari, mapenzi, njaa na nyumba, na nyuma ya bahari huwa kuna mji mwingine. Tunazisoma leo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdalla alizikusanya pamoja na mmisionari William Taylor, na Sikujua hakuhifadhi beti tu, alihifadhi pia habari za nani aliambiwa nini na kwa sababu gani. Bila habari hizo tungebaki na majivu, hatungewajua wageni.

Lakini shairi ni mali ya mshairi. Nilitaka kujua ni wakati gani kinaya kilipata chombo ambacho mtu yeyote, hata asiyejua kutunga beti, angeweza kukinunua dukani. Ndiyo maana nimerudi kwenye kanga.

Kabla ya kanga palikuwa na merikani. Jina lenyewe linasema ilikotoka. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walifanya biashara na Zanzibar, na mwaka 1833 nchi yao ilitia saini mkataba na Seyyid Said. Merikani ilikuwa nguo nyeupe isiyotiwa rangi, ngumu, inayodumu. Pamba yake ililimwa kwa jasho la watumwa wa Marekani ya Kusini, ikafumwa katika viwanda vya kaskazini, ikavuka bahari mbili, ikaja kuvishwa watumwa wa mashamba ya karafuu. Mtumwa mmoja alimvisha mwenzake bila yeyote kati yao kumjua mwenziwe, na waliofaidika katikati walikuwa wengi. Waandishi wa tamthilia hutafuta maisha yao yote kinaya cha hali cha namna hii, na hapa kiliuzwa kwa mikono na pima. Ile iliyotiwa rangi ya nili iliitwa kaniki, na mwanamke mtumwa alijifunga kaniki chini ya makwapa, kichwa wazi, kwa kuwa kufunika kichwa kulikuwa alama ya waungwana.

Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, chini ya shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba. Isomeni amri hiyo kama mnavyosoma fumbo. Mtumwa hakuamka asubuhi akawa huru. Ilimpasa aende mahakamani akaombe uhuru. Na huko alitakiwa aoneshe kwamba ana mahali pa kukaa na njia ya kujikimu, asije akahesabiwa mzururaji. Yaani mtu aliyekuwa hana hata mwili wake alitakiwa athibitishe ana nyumba ndipo apewe nafsi yake. Bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Masuria hawakuhusishwa na amri hiyo. Kenya ilifuata mwaka 1907 kwa ukanda wake wa pwani, na huku kwetu Tanganyika tulingoja hadi mwaka 1922.

Kanga ilikuwa imeshaanza kuonekana katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Kwanza wanawake walinunua leso za kitambaa, neno tulilolipata kwa Wareno, wakaziunga leso sita, tatu juu na tatu chini, zikawa nguo moja. Kisha wafanyabiashara wakaagiza nguo nzima iliyochapwa. Madoa meupe juu ya weusi yakaipa jina la ndege kanga. Waliokuwa wamevaa kaniki jana wakaipokea kwa mikono miwili: doti moja, kipande cha kujifunga na kipande cha kujitanda kichwani. Jambo walilokatazwa sasa waliweza kulinunua, tena kwa rangi walizozitaka wao.

Mwanzoni kanga haikuwa na maneno. Ilikuwa na pindo na mji tu. Jina liliingia mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kirumi, na tangu hapo kanga isiyo na jina imekuwa kama nyumba isiyo na mlango. Huko Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, lilijulikana kwa kanga zilizopigwa chapa ya Mali ya Abdulla. Wafanyabiashara walisikiliza yanayosemwa mitaani, methali, vijembe, maneno ya nyimbo, wakayaandika na kuyatuma ng'ambo. Kanga zilichapwa Uholanzi na Uingereza, baadaye India na Japani. Hapa nyumbani kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1968. Hebu mfikirie fundi wa Kiholanzi, mcha Mungu, baba wa watoto, akiinamia meza yake wakati wa baridi na kuchapa kwa uangalifu mkubwa kijembe cha mke mwenza wa Pangani. Hajui herufi moja inasema nini. Huyo ndiye mpambe asiye na hatia kabisa katika historia yote ya ugomvi wa wake wenza.

Nionavyo mimi, hiki ndicho kilichokuwa kipya. Kijembe cha mdomoni kina mwenyewe, ukikitoa, umekitoa. Kijembe cha kanga kimetoka kiwandani. Wapo wengine mia waliovaa jina hilo hilo siku hiyo hiyo, na wote hawamlengi jirani yako. Mvaaji hakutunga, hakuandika, hakusema. Alivaa nguo, na nguo ni lazima ivaliwe. Namkumbuka mama mmoja wa mtaani kwetu aliyepewa talaka baada ya ndoa iliyomchosha. Alipomaliza eda alitoka nje kwa mara ya kwanza akiwa amejitanda kanga ya sherehe za Uhuru. Ilikuwa kanga halali, ya taifa, na mwezi ulikuwa wa Desemba. Hakuna aliyethubutu kuuliza anasherehekea uhuru wa nani, ila akina mama wa baraza zima walisimama kumpa mkono.

Ili kinaya kinoge lazima wawepo watatu. Yupo asemaye, yupo alengwaye, na yupo wa tatu anayeona. Watu husahau huyu wa tatu, ilhali utamu wote ni wake. Mlengwa anaumia, msemaji ana hofu kidogo. Anayepita na maji kichwani ndiye anayecheka hadi nyumbani. Kinaya kisicho na shahidi ni nongwa tu. Ndiyo maana taarabu ilikifaa sana. Katika ukumbi wa taarabu mwimbaji huimba, na mwanamke huinuka penye mstari unaomhusu, akaenda kutunza taratibu, huku jicho lake likiangalia meza fulani. Hakutunga wimbo, wala hakuuimba. Ametoa noti tu. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za kwanza za santuri za nyimbo zake za Kiswahili, aliujua ukumbi huo kuliko yeyote. Wimbo wake wa Kijiti ulihusu mauaji ambayo mtendaji alikimbilia bara, huku waliokuwa pamoja na marehemu ndio wakatiwa hatiani. Aliyeusikia angeweza kusema ni wimbo wa kumlilia marehemu. Angeweza pia kuona mahakama ya wakoloni ikiwa imevuliwa kofia.

Kuhusu mipasho ya miaka ya 1990, zama za ushindani wa TOT na Muungano, najua nitaudhi baadhi ya marafiki. Nilihudhuria, nilicheka, nilitunza. Lakini mengi ya yale hayakuwa kinaya tena. Anayepashwa alijulikana, anayepasha alijulikana, na kila mmoja alijigamba kwamba ndiye aliyesema. Pale ambapo hakuna anayekana, hakuna pa kukaa ila uwanjani. Siyo mbaya, ni mchezo mwingine.

Sasa nirudi nyumbani, maana kuna jambo la miezi ile saba ambalo nimelielewa nikiwa nimechelewa. Miaka hiyo ilikuwa ya kisomo. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa yalifunguliwa kila mahali, chini ya miembe, misikitini, katika ofisi za chama. Mwaka 1975 ulifanyika mtihani wa kitaifa. Wajumbe walipita nyumba kwa nyumba wakiwaandika wasiojua kusoma, na bibi akaandikwa. Bibi huyo alihitimu Kurani akiwa msichana. Barua zote za babu kutoka safarini, zilizoandikwa kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu, alizisoma mwenyewe na kuzijibu mwenyewe. Daftari la serikali halikuwa na safu ya mtu wa namna hiyo. Alikuwa ama anajua ama hajui, na kwa herufi zilizotakiwa, hajui.

Tulitarajia angekasirika, au angejiunga ili awaoneshe. Hakufanya lolote kati ya hayo. Mama alimsihi, mjumbe alikuja mara tatu, na kila mara bibi alisema macho yake hayana nguvu. Macho hayo hayo yalitunga uzi kwenye sindano usiku kwa taa ya chemni. Kwa miaka mingi nilifikiri ni ukaidi wa wazee. Leo nadhani alipima hasara na faida. Kisomo kingempa herufi ishirini na nne, na kingemnyang'anya "Nitajuaje, shoga yangu?" Siku ambayo mtaa mzima ungejua kwamba anasoma, kila kanga atakayovaa ingekuwa tamko lake rasmi. Nami nilikuwa nimeshampunguzia kinga hiyo siku ile bombani.

Miezi saba ikapita. Ilipofika Idi, jirani alimtuma mjukuu wake na sinia lililofunikwa kawa, na juu ya kawa lilikuwa limefungwa kwa doti mpya ya kanga, ya kijani, bado ina gundi ya kiwandani. Bibi alilifungua, akaweka chakula kando, akanyoosha kanga mkekani. Akaniita. Nikasoma: WEMA HAUOZI. Akanitaka nirudie. Nikarudia.

Mama alisema ni maneno ya suluhu. Jirani anasema hajausahau wema wa bibi, ndio huu anaulipa. Shangazi, aliyekuja kula Idi kwetu, alisema sivyo. Jirani anamkumbusha bibi wema aliomtendea yeye, ambao bibi aliulipa kwa kanga nyekundu. Wakabishana hadi alasiri. Jina lilizikubali tafsiri zote mbili, na kama jirani alikuwa na moja moyoni, hakuituma pamoja na sinia. Bibi hakusema kitu. Alikaanga vitumbua, akavipanga kwenye sinia la watu, kwa kuwa chombo hakirudi kitupu, kisha akajifunga kanga ile ya kijani ikiwa haijafuliwa, inakwaruza, akaniambia nibebe.

Jirani alikuwa barazani kwake. Walipeana Idi, wakaulizana habari, nzuri, nzuri, nzuri sana. Kisha jirani akamtazama bibi toka juu hadi chini.

"Kanga imekukaa, shoga yangu. Imenena nini?"

"Nitajuaje?" bibi akasema.

Jirani akanigeukia mimi. "Na wewe msomi, hukumsomea bibi yako?"

Nikatazama kanga, nikatazama sinia. Nikasema maandishi yalikuwa madogo mno, sikuyaona vizuri. Kila herufi ilikuwa na urefu wa kiganja changu.